Fisi Alipovua Mabuti Msibani

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na banda?
— Likafungwa!
Palikuwa na kuku?
— Akalala ndani!
Na aliyemwacha nje?
— Asitafute mchawi!

Haya, sogeeni. Anayetaka kwenda uani aende sasa hivi, maana nikishaianza hii huwa watu hawathubutu kwenda peke yao.

Mimi sikuyaona kwa macho yangu. Aliyenisimulia aliyaona, au tuseme aliyemsimulia yeye ndiye aliyeyaona. Na mimi siongezi chumvi. Chumvi ilishatiwa huko huko nilikoipata.

Paliondokea mtaa mmoja pembeni mwa mji, ukiitwa Kwa Mabati. Zamani palikuwa pori la mbweha. Watu wakaja, wakakata miti, wakajenga, wakamwaga taka zao, kisha wakashangaa: "Jamani, hawa mbweha wametoka wapi?" Ni kama mtu aingie nyumbani kwako, alale kitandani kwako, halafu akuulize umefuata nini.

Mwisho wa mtaa palikuwa na gofu la nyumba. Paa halipo, mlango haupo, kuta zimejaa mashimo. Humo alikaa Bi Mbweha na mumewe na watoto wao wawili. Wa kwanza Tunu, binti mwenye maneno. Wa pili Sikujua, mdogo, mwoga. Jani likianguka anaingia chini ya tumbo la mama yake. Kazi yao ilikuwa panya. Asubuhi panya, jioni panya. Panya wakikosekana, makombo ya jalalani. Hawakumgusa mtu.

Basi siku moja Bi Mwanamvua, yule mwenye kuku kumi na wawili, alikwenda kwa jirani kuazima chungio. Chungio alilipata pale pale. Lakini jirani alikuwa na habari. Nani kaposwa, nani kaachwa, nani kaonekana na nani. Habari ikazaa habari, mjukuu wa habari akazaliwa, jua likazama, na banda la kuku liko wazi, mlango haaa! Mume wa Mbweha akapita na njaa yake. Akaona mlango. Akachungulia. Kuku wakabaki kumi na mmoja.

Bi Mwanamvua alisema, "Nilisahau kufunga banda"? Thubutu! Alisema, "Nimevamiwa!"

Neno likatembea. Nyumba ya kwanza lilikuwa jogoo mmoja. Nyumba ya tatu likawa kuku watano na bata. Lilipofika kwa Mjumbe Makwaya, mkubwa wa mtaa, mbweha alikuwa amesimama juu ya mtoto mchanga akijilamba midomo. Mtoto wa nani? Hakuna aliyejua. Hofu haiulizi jina. Kina mama wakawafungia watoto ndani mchana kweupe, na wanaume wakawa hawaendi msalani bila fimbo.

Ndipo alipokuja Fisi.

Gwadu! Gwadu! Gwadu! Gwadu!

Mtaa ukasikia hatua zake kabla haujamwona. Shingo nene kama kinu. Taya za kuvunja mfupa wa ng'ombe. Na miguuni kavaa mabuti ya mpira, meusi, marefu, yote manne. Begani gunia, na ndani ya gunia vyuma vikilia, cheke, cheke, cheke.

"Nimesikia mna taabu ya mbweha," akasema Fisi.

"Tunayo," akasema Mjumbe Makwaya.

"Mimi ndiye dawa. Nitatega. Kila mkia nitakaowaletea, nipeni paja la mbuzi."

"Na hayo mabuti, bwana, mbona hakuna mvua?"

Fisi akacheka, na kicheko cha fisi mnakijua, hakimchekeshi mtu. "Chuma hakimjui aliyekitega, Mjumbe. Ninapotega mimi, mwenye akili havui viatu."

Bi Mwanamvua akapiga kelele kutoka nyuma, "Mpeni! Mpeni hata mapaja mawili!"

Fisi akatega. Akatega njiani. Akatega jalalani. Akatega chini ya uzio, akatega kwenye mfereji, akafukia kila mtego kwa vumbi na majani, mtu usiuone hata ukiinama.

Siku ya pili, alfajiri: KWACHU!

Gofuni Bi Mbweha akasimamisha masikio. Akamsikia mumewe akilia mara moja. Mara moja tu. Kisha gwadu, gwadu, gwadu, gwadu. Kisha kimya. Kimya hicho, wenzangu, ndicho kilichomvunja miguu. Mchana ule mkia ulikuwa umetundikwa kwenye msumari mlangoni kwa Mjumbe, na Fisi amekaa chini yake anatafuna paja, kachu, kachu, hajali.

Nanyi mnajua tumbo la Fisi. Paja moja lilimwamsha tu. Mbweha mtaani hawakuwa wengi kihivyo, lakini mitego ilikuwa mingi, na mtego haumchagui mtu. Akanaswa paka. Fisi akatazama huku na huku, akaukata ule mkia, akaupaka masizi na udongo mwekundu, akaupeleka kuuonyesha, kisha akaurudisha gunini. Paja! Akanaswa mbwa wa muuza maziwa. Mkia, masizi, udongo. Paja! Watu wakawa wanatafuta paka wao kila kona, "Minu, minu, minu!" na kila wakikosa wanasema, "Mbweha hao! Bwana Fisi, ongeza mitego!"

Na panya? Panya wakafanya harusi. Waliingia kwenye unga, wakaingia kwenye magodoro, wakatafuna kanga mpya ya Bi Mwanamvua ikabaki maandishi tu. Lakini nani angemwondoa mtegaji wakati kila mtu anaogopa?

Ikabaki familia moja. Fisi akanusa, akanusa, akafika gofuni.

Gwadu. Gwadu. Gwadu. Gwadu.

"Mama, nani huyo?" akauliza Sikujua, chini ya tumbo.

"Kimya."

Nfu. Nfu. Fisi anavuta hewa ukutani.

"Mama, anaingia?"

"Kimya, mwanangu."

Nfu. Nfu. Nfu. Kisha kimya.

"Mama, ameondoka?"

Hata mama hakujua.

"Shemeji!" ikaja sauti ya Fisi, laini, karibu kabisa. "Shemeji Mbweha, najua mmo. Nikiingia kwa ubabe mtatawanyika kwenye mashimo ya ukuta, na mimi mwili huu siupitishi humo. Sikimbizani na mtu. Nawategea pande zote, kisha nakwenda kula. Njaa itawatoa mmoja mmoja. Mikia mitatu, mapaja matatu. Haya, shindeni salama."

Akatega pande zote. Siku ya kwanza wakalamba ukuta wa baridi. Siku ya pili Tunu akaacha kusema, na Tunu asiposema ujue pana hatari. Siku ya tatu Sikujua alijaribu kusimama akashindwa.

Bi Mbweha akawaza. Nguvu Fisi anazo. Mitego anayo. Mabuti anayo. Huyu mtu anakosa nini? Akawaza tena: huyu mtu hakosi nini? Akapata jibu. Fisi hajawahi kukosa msiba.

Alfajiri ya siku ya nne akatoka kwa tumbo, pua mbele, anatambaa. Hatua moja, ananusa. Hatua moja, ananusa. Kila harufu ya chuma aliizunguka akaiweka kichwani: mmoja huu, wa pili ule, wa tatu pale kwenye jiwe. Akafika penye mtego uliomuua mumewe. Ulikuwa umetegwa upya, mdomo wazi, na harufu ya mumewe bado ilikuwa kwenye meno yake. Alitaka kurudi, nisiwafiche. Lakini akakifukua kigingi, akauma mnyororo, akauvuta mtego kinyumenyume hivyo hivyo ukiwa wazi.

Kre. Kre. Kre.

Ukitikisika kidogo tu, unamfunga pua. Kre. Jiwe. Akasimama, jasho. Kre. Kre. Mpaka gofuni, mpaka katikati ya chumba. Akakifukia kigingi, akashindilia. Kisha akaburuta jamvi bovu aliloliokota jalalani, akaufunika mtego taratibu kama anayemfunika mtoto mgonjwa.

"Mmeona hapo?" akawaambia wanawe. "Hapo hapakanyagwi."

"Mama, na nikisahau?" akauliza Sikujua.

"Usisahau."

Akamwita Kunguru, aliyekuwa juu ya ukuta. Sasa Kunguru mnamjua: hana siri hata ya mayai yake. Akamwambia kwa sauti ya mgonjwa, "Kunguru, ndugu yangu, mimi ndio nakwenda. Nikifa watoto watanikalia matanga hapa hapa alasiri, na chakula kidogo watakipika. Nakuomba, usimwambie mtu."

"Mimi?" akasema Kunguru. "Mimi kaburi!"

Hata hajamaliza kuruka: "Kwaa! Kwaa! Bi Mbweha kafa! Msiseme nimesema mimi! Leo alasiri kuna matanga, na chakula kipo!" Kwenye mti wa kwanza chakula kilikuwa kidogo. Kwenye mti wa tatu pilau. Alipofika kwa Fisi zilikuwa sufuria saba na nyama imepikwa na mifupa yake.

Fisi akanyanyuka. Udenda ukamtoka. Mkia wa mama bure, pilau bure, watoto wawili wamekaa jamvi moja hawana hili wala lile! Akiingia kama mtegaji, watakimbia. Akiingia kama mfiwa, atawapata wote mkononi. Akavaa uso wa huzuni, akatupia gunia begani.

Gwadu. Gwadu. Gwadu. Gwadu.

"Hodi, wafiwa!"

Ndani, Bi Mbweha kalala nyuma ya jamvi, kajifunika kaniki gubigubi. Tunu na Sikujua wameketi ubavuni mwake wanalia. Na wala hawakuigiza, jamani. Baba yao alikuwa amekufa kweli, na aliyemuua amesimama mlangoni.

"Karibu, mjomba," akasema Tunu.

"Poleni sana, wanangu. Kazi ya Mungu." Fisi akainua mguu avuke kizingiti.

"Mjomba! Mabuti!"

Mguu ukabaki hewani. "Mabuti yana nini?"

"Jamvi la msiba halikanyagwi na viatu, mjomba. Hata kwenu haiko hivyo."

Fisi akasitasita. "Miguu yangu ina vidonda, binti. Marehemu atanisamehe."

Kunguru akainamisha kichwa kutoka ukutani. "Kwaa! Anaingia na viatu msibani? Kwenye maiti? Subirini niwaeleze wenzangu!"

Na hapo, ndugu zangu, mtu aliyekuwa haogopi simba akaogopa mdomo. Akachungulia ndani. Akanusa. Nfu, nfu. Harufu ya chuma ipo, lakini chuma kimejaa gofu zima, kila upande, kimetegwa na yeye mwenyewe. Akavua buti la kwanza. Pwa!

"Basi," akasema.

"Una miguu minne, mjomba."

La pili. Pwa! "Basi."

"Bado mawili, mjomba."

La tatu. Pwa! Akaliacha la nne, la mguu wa mbele wa kulia. "Hili limekwama. Tangu juzi limekwama. Sasa nipisheni nimlilie shemeji."

Tunu akamtazama mama yake, lakini maiti hatoi shauri. Chini ya kaniki Bi Mbweha alisikia moyo wake unadunda mpaka akaogopa nguo itatikisika. Mguu wa kwanza kukanyaga jamvi ungekuwa ule wa kulia, wenye buti. Mtego ungeuma mpira, Fisi angejichomoa, na basi.

Ndipo Sikujua aliponyanyuka. Yule yule wa chini ya tumbo. Akazunguka jamvi kwa ukutani, hatua, hatua, hatua, hakusahau. Akafika mbele ya Fisi, kichwa chake kikafika magotini.

"Nikuvutie, mjomba?"

Akaliuma buti. Fisi akainama. Pumzi yake ikamwagikia shingoni, moto, ina harufu ya paka na ya mbwa na ya mtu mwingine ambaye Sikujua alimjua. Udenda ukamdondokea sikioni, to. Akavuta. Buti halitoki. Udenda, to. Akavuta.

"Mtoto mzuri," Fisi akanong'ona. "Laini."

Pwa! Buti likatoka, na Sikujua akarudi nalo mpaka ukutani.

"Haya," akasema Fisi, na uso wa huzuni ukamvuka. "Sasa tulie wote." Akaingia, akatia mguu wa kulia jamvini, kwa adabu, kama walivyofundisha wazee.

KWACHU!

Alilia kilio ambacho mji mzima ulikisikia. Na maiti akafunua kaniki, akakaa, akasema, "Pole, shemeji. Kazi ya mikono yako."

Akawachukua wanawe wakapanda juu ya ukuta.

Watu wa Kwa Mabati wakaja mbio wakifuata kilio, wakijua kanaswa mbweha. Mbele Mjumbe Makwaya na bakora yake, nyuma Bi Mwanamvua na mchi. Wakafika uani kwa gofu. Wanakuta mabuti matatu mlangoni, la nne ukutani, gunia limemwagika, na ndani yule dawa yao kanaswa kwenye dawa yake. Bi Mwanamvua akainama kwenye gunia. Akaokota mkia. Akaufuta masizi kwa ncha ya kanga. Ulikuwa na pete nyeupe.

"Bibie!" akalia. "Paka wangu Bibie!"

"Fisi," akasema Mjumbe, "hii ndiyo mikia ya mbweha tuliyokulipia mapaja?"

"Mjumbe," akasema Fisi, "tuzungumzeni kwanza habari za mguu, za mikia baadaye."

Bi Mwanamvua akainua mchi. Fisi hakungoja baadaye. Akajing'oa, ngozi ikabaki, akaruka ukuta pekupeku na kukimbilia porini katikati ya mitego yake mwenyewe. Kwachu! Kulia. Kwachu! Kushoto. Kwachu! Na ndiyo maana fisi mpaka leo akitembea utadhani kavaa kiatu kimoja.

Watu wakacheka. Mjumbe akageuka ili aondoke, akachomeka bakora chini. KWACHU! Bakora ikavunjika vipande viwili.

Kicheko kikafa.

Hakuna aliyejua mitego mingapi imebaki, wala iko wapi. Aliyejua kakimbia. Walikuwa wamekuja mbio bila kutazama, kwa bahati tu, na bahati haina njia ya kurudi. Wakasimama hivyo hivyo, mmoja mguu juu, mwingine kashika nguo ya mwenzake. Bi Mwanamvua alikuwa na kandambili nyembamba kama chapati. Jua likaanza kushuka.

Kutoka juu ya ukuta Bi Mbweha akasema, "Mkia wangu huu hapa. Anayeutaka aje auchukue."

Hakuna aliyesogeza hata kidole.

"Bi Mbweha," akasema Mjumbe, sauti nyembamba, "wewe unaijua ilipo?"

"Kila mmoja. Nimetambaa kwa tumbo."

"Basi tusaidie, mama yangu."

Bi Mbweha akamtazama Bi Mwanamvua. "Banda utafunga?"

"Nitafunga! Wallahi nitafunga, hata chungio sitaazima tena!"

"Na mitego hii?"

"Tutaing'oa," akasema Mjumbe. "Yote. Tutampelekea mhunzi afulie majembe."

Mbweha akashuka. Angewaacha pale, nani angemlaumu? Mimi ningewaacha. Lakini akatangulia, pua chini, taratibu, kulia kidogo, kushoto kidogo, na watu wa Kwa Mabati wakapanga mstari nyuma yake, Mjumbe, Bi Mwanamvua, muuza maziwa na wengine wote, kila mtu akikanyaga alipokanyaga mwenzake, na macho yao wote hayabanduki kwenye ule mkia waliokuwa wakiutaka.

Mitego ikang'olewa, yeye akiwaonyesha. Mume wake hakurudi. Hilo halikuwa na dawa, na kila alasiri ikienda magharibi husimama juu ya ukuta akamlilia: huuuuu! Watu wa mtaani wakisikia huambiana, "Mbweha kalia. Fungeni banda." Na wanafunga.

Sasa mnataka funzo. Hadithi bila funzo mnasema bibi kazeeka. Haya, funzo ni hili: mkienda msibani msivue viatu. Mmeona adabu ilivyomponza Fisi wa watu. Funzo la pili, mtu mwenye mdomo kama Kunguru mheshimuni sana, na hapa sijamtaja mtu yeyote wa uzee wangu. Na la tatu, mbweha ni mnyama mbaya, hafai kukaa mjini, auawe kabisa yeye na kizazi chake. Mkibisha, kamuulizeni panya. Siku mitego ilipong'olewa, ndiye peke yake aliyelia.

Hadithi yangu naivulia hapa kizingitini. Iliyomtosha avae aende nayo. Iliyombana aiache, nami nitaipitia asubuhi.

Nendeni mkalale. Lakini kwanza, nani kafunga banda?